Binti, Rafiki Zake na Dansi la Shule

Somo la kujadiliwa nyumbani na katika vikundi vya mtaa

Kusudi la somo: Kuwasaidia wazazi, wadhamini na vijana wenyewe kuzungumza bila kufichana juu ya urafiki, mapenzi na dansi, na hasa kufahamu kwamba binti mwenye heshima ana ruhusa kamili ya kusema "sitaki."

Someni kabla ya kukutana: Marko 6:21–28, Waamuzi 11:34–40, 2 Samweli 13:1–22.



Kila mwaka, kabla ya mtihani wa taifa wa mwezi wa Novemba, shule zetu za sekondari hufanya mahafali ya kidato cha nne. Asubuhi kuna hotuba, kwaya, vyeti na pilau. Jioni, katika shule kadha wa kadha, hufuata dansi, au disko kama vijana wanavyoliita, na pengine wavulana wa shule jirani hualikwa. Kwa mkuu wa shule hiyo ni shughuli ya saa tatu tu. Kwa msichana wa miaka 16 ni jambo linaloweza kumnyima usingizi wiki tatu.

Tuchukue mfano wa msichana ambaye angeweza kuwa binti wa yeyote kati yetu. Yuko kidato cha tatu, anakaa bwenini. Ana rafiki yake tangu kidato cha kwanza. Wamegawana sabuni, wamesomeana barua za nyumbani, wamelia pamoja. Sasa rafiki huyo amepata kijana katika shule ya wavulana, na yule kijana ana mwenzake ambaye ametuma salamu. Rafiki anasema, "Usipokuwa na mtu siku ile utasimama ukutani peke yako, na mimi sitasimama nawe." Binti wetu hamchukii kijana aliyetuma salamu, wala hampendi. Hamjui. Akiwa nyumbani kwa likizo fupi, anamwuliza mama yake huku wakichambua mchele: "Mama, mtu akikuomba mcheze naye ukakataa, ni kukosa adabu?" Mama anajibu, "Nilikupeleka shule ukasome, hukwenda kucheza." Mazungumzo yakaishia hapo.

Mama hakusema neno baya. Ada analipa kwa shida, na hofu yake ina sababu. Lakini swali aliloulizwa hakulijibu, na swali lisilojibiwa nyumbani halifi. Hutafuta jibu mahali pengine. Wazee walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu siku hizi uko ndani ya simu, karibu sana na mto wa kulalia.

Basi katika somo hili tujaribu kulijibu.

1. Mzigo mmoja, kuni tatu

Ukimsikiliza binti kwa utulivu utaona kwamba wasiwasi wake si mmoja. Kwanza kuna dansi lenyewe: niende au nisiende, nivae nini, nitaweza kucheza au nitachekwa? Pili kuna urafiki: je, nisipofanya kama wenzangu wataniacha? Tatu kuna mapenzi: huyu kijana anataka nini, na mimi nataka nini?

Mambo hayo yakifungwa pamoja ni mzigo usioinulika. Binti hudhani lazima akubali yote au akatae yote: aende dansi, kwa hiyo awe na kijana, ili asimpoteze rafiki. Sisi wazazi nasi tunafanya kosa lilelile kwa upande wa pili: tunakataza dansi tukidhani tumekomesha na mapenzi. Tufungue kamba, tuchukue ukuni mmoja mmoja.

2. Juu ya dansi

Wako wanaosema kwamba dansi ni jambo geni la vijana wa sasa. Sivyo. Ngoma ya beni ilichezwa pwani tangu mwisho wa karne ya 19. Mjini Dar es Salaam vilabu vya dansi vilikuwapo katika miaka ya 1930. Bendi ya Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944. Waliokuwa vijana wa mjini katika miaka ya 1970 wanakumbuka bugi la mchana, suruali za bugaluu na viatu vya raizoni. Wengi wao leo ni babu na bibi, na baadhi wanakaa viti vya mbele kanisani.

Hofu ya wakubwa nayo si mpya. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kupiga marufuku sketi fupi, wigi na suruali za kubana kuanzia Januari 1969. Kabla hata ya tarehe hiyo, mwezi wa Oktoba 1968, wasichana walishambuliwa Kariakoo kwa sababu ya nguo walizovaa. Tukumbuke jambo hilo kwa makini. Watu walisema wanalinda heshima ya mwanamke, na papo hapo wakamvunjia heshima barabarani.

Biblia haina neno moja tu juu ya kucheza. Miriamu alicheza kwa matari baada ya kuvuka bahari (Kutoka 15:20). Daudi alicheza mbele ya sanduku. Lakini pia yuko binti wa Herodia aliyecheza katika karamu, na mwisho wake Yohana Mbatizaji akauawa. Wengi wetu tumesikia habari hiyo ikitumiwa kuwaogopesha wasichana. Someni tena Marko 6 pole pole, mkahesabu makosa ni ya nani. Mfalme aliapa kwa majivuno mbele ya wageni wake. Wageni walikaa kimya. Binti alipoambiwa aombe alitakalo, hakujua aombe nini. Alitoka akamwuliza mama yake. Naye pia aliuliza! Na jibu alilopewa lilikuwa la kisasi cha mtu mzima, lililomtumia mtoto kama kisu. Katika chumba kile hatari kubwa ilikuwa watu wazima.

Kwa hiyo juu ya dansi tuulize: Linasimamiwa na nani? Linaanza na kwisha saa ngapi? Kuna pombe au hakuna? Taa zinawaka au zinazimwa? Wasichana wanarudije bwenini? Dansi lenye walimu, taa na saa ya kufunga ni mchezo wa vijana. Dansi lisilo na hayo ni jambo la kukataa, nasi tunaweza kumweleza binti kwa nini tumekataa.

3. Juu ya urafiki

Katika 2 Samweli 13 yuko mtu anayeitwa Yonadabu. Maandiko yanamwita rafiki wa Amnoni, tena mwerevu sana. Alipomwona mwenzake amekonda kwa tamaa, hakumwambia aache. Alimpa hila ya kumpata msichana. Huo ulikuwa urafiki wa namna moja: wa kumsaidia mtu kutenda lile analopaswa kuzuiwa.

Katika Waamuzi 11 wako marafiki wa namna nyingine. Binti Yeftha, aliyeponzwa na nadhiri ya baba yake, aliomba miezi miwili aende milimani pamoja na wasichana wenzake. Hatuambiwi kwamba walikuwa na ushauri wowote wa kumpa. Walikwenda naye, wakakaa naye katika huzuni yake. Hawakumwacha ukutani peke yake.

Binti anaweza kupima urafiki wake kwa mifano hiyo miwili. Rafiki anayesema "usipofanya hivi sitasimama nawe" ameweka bei juu ya urafiki. Lakini tusiwe wepesi kumwita rafiki huyo mbaya. Mara nyingi naye anaogopa. Amekubali kuwa na kijana kabla hajawa tayari, na anataka mwenzake aingie pia ili asiwe peke yake katika jambo ambalo hana hakika nalo. Akimwona mwenzake amekataa kwa upole, pengine yeye mwenyewe atapata nafasi ya kupumua.

Kwa hiyo hatumshauri binti avunje urafiki. Amwambie rafiki yake: "Tutakwenda pamoja na tutarudi pamoja. Lakini mtu wa kunitafutia sitaki." Rafiki wa kweli atanuna siku mbili, kisha atarudi kuazima sabuni. Na mama, badala ya kusema "yule msichana asikanyage hapa," amwalike nyumbani ale pamoja nao. Mtoto aliyekula mezani kwako huwa na haya ya kumponza mwanao.

4. Juu ya mapenzi, na neno "sitaki"

Msichana wa miaka 15 au 16 kumpenda mvulana moyoni mwake si ugonjwa wala si laana. Mwili unakua, na moyo unakua pamoja nao. Tukimtukana kwa kupenda tu, atajifunza kutuficha, na kufichwa ndiko kunakoleta hatari. Tumwambie kwamba kupenda kunaweza kusubiri. Kijana mwenye nia njema hapungukiwi kitu mtihani ukipita kwanza. Asiyeweza kungoja ameshaonyesha alichokuwa akitaka.

Lakini yule binti hakuuliza habari ya kupenda. Aliuliza kama kukataa ni kukosa adabu. Hapo ndipo mafundisho yetu yana tundu.

Tumewafundisha binti zetu kusalimia kwa kupiga goti, kuitika "abee" wanapoitwa, kutomnyima mgeni maji, kutomjibu mkubwa. Ni mafundisho mazuri, wala tusiyaache. Ila tumesahau kuwaonyesha mpaka wake. Binti aliyezoea kuitika kila wito, anaposimama mbele ya mtu anayemwomba kwanza namba ya simu, kisha mkono, kisha watoke nje kidogo wapunge upepo, hana neno la kukataa mdomoni. Kila neno la kukataa alilolijua aliambiwa ni utovu wa adabu. Anakubali kwa heshima, anafuata kwa heshima, na anaumia kwa heshima.

Basi tumfundishe kwa maneno hasa ya kutumia:

"Asante, leo sichezi." Hadaiwi sababu.

"Namba yangu simpi mtu." Hadaiwi sababu.

"Sitoki nje." Hapa hahitaji hata kusema asante.

Na akinunuliwa soda asidhani amejiweka deni. Soda si mahari. Wala vocha ya simu si mahari, wala nauli, wala chipsi. Anayetoa zawadi kisha akadai malipo hakutoa zawadi, na binti anaweza kumwacha palepale na soda yake.

Tena tuseme jambo ambalo mara nyingi hatulisemi. Tamari alikataa. Someni mstari wa 12 na wa 13 wa sura ile ya 2 Samweli. Alikataa waziwazi, akatoa sababu, akaonyesha njia ya halali. Hakusikilizwa. Kosa halikuwa lake, na aibu haikuwa yake. Tazameni pia kwamba mara baada ya kupata alichotaka, Amnoni alimchukia kuliko alivyokuwa amempenda, akamfukuza. Lile halikuwa pendo lililogeuka. Halikuwa pendo tangu mwanzo.

Kwa hiyo somo hili ni la wana wetu wa kiume pia. Haitoshi kumfundisha binti kusema "sitaki" kama hatumfundishi kijana kulisikia. Mwana akikataliwa dansi, aseme "haya, asante," arudi kwa wenzake, wala asitafute Yonadabu wa kumpa hila. Baba ndiye wa kumfundisha hivyo, na hufundisha zaidi kwa namna anavyolipokea neno la mama nyumbani.

5. Likitokea la kutokea

Mfalme Daudi aliposikia yaliyompata Tamari alikasirika sana. Baada ya hasira hiyo hatusomi kwamba alifanya chochote. Naye Absalomu, ndugu yake, alimwambia anyamaze. Hasira isiyotenda, na ushauri wa kunyamaza: mambo hayo mawili bado yako katika nyumba zetu.

Mzazi na ajue sheria za nchi yetu. Kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mtu aliyemwingilia mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 hawezi kujitetea kwamba msichana alikubali. Kwa marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, au kumwoa, anaweza kufungwa miaka 30. Mambo haya hayamalizwi kwa mbuzi na maneno ya wazee uani. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na Simu ya Mtoto, namba 116, hupigwa bila malipo.

Na kama binti amepata mimba, safari yake haikukatika. Mwezi wa Novemba 2021 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito waruhusiwe kurudi katika shule za kawaida baada ya kujifungua. Mzazi asimfungie mlango ambao Serikali imeufungua.

6. Nani ataulizwa?

Zamani binti wa pwani na wa kusini hakuachwa kubahatisha. Alikuwa na kungwi, mwanamke mzima aliyepewa kazi ya kumwambia yale ambayo mama huona haya kuyasema. Pwani kungwi huyo aliitwa pia somo, neno lilelile tulilolitumia juu ya ukurasa huu. Yako mafundisho ya unyago ambayo Kanisa haliwezi kuyakubali. Lakini wazo la kumpa kila binti mtu mzima wa kumwuliza lilikuwa la hekima.

Askofu Vincent Lucas, Askofu wa kwanza wa Masasi, tangu 1926 hadi 1944, aliliona hilo. Alifahamu kwamba Kanisa likikataza mila bila kuweka kitu mahali pake, vijana watakwenda usiku kwa siri. Kwa hiyo jando likafanywa kwa namna ya Kikristo, na mabinti nao wakawa na mafunzo yao. Watu wamebishana juu ya kazi hiyo kwa miaka mingi, lakini swali lake bado linatudai: sisi tumeweka nini mahali pake?

Tulipobatiza watoto wetu tulisimamisha wadhamini. Wengi wetu tunadhani kazi yao ilikwisha picha zilipopigwa. Mdhamini wa kike ndiye hasa angefaa kuwa somo wa binti: si mama, kwa hiyo binti haoni haya sana, wala si mgeni, kwa hiyo anaaminika. Shangazi naye aweza, au mama mmoja wa Umoja wa Mama mwenye kutunza siri. Sharti ni mbili tu: asikilize mpaka mwisho kabla ya kufundisha, na asipeleke habari sokoni.

7. Siku yenyewe

Kwa wale watakaoruhusu binti zao waende, haya yatasaidia. Nguo iwe ile mnayoiweza. Gauni la kuazima au la dada lililopunguzwa na fundi halina aibu. Wasichana waende kwa kundi na wahesabiane wakati wa kurudi. Asibaki hata mmoja. Kila mmoja awe na nauli yake mwenyewe mkononi, na ajue kwa kichwa namba ya simu ya mtu mzima mmoja atakayepokea hata saa sita ya usiku bila kugomba. Kugomba kuna siku yake. Saa ile ni ya kumchukua mtoto.

Binti asiyetaka kwenda asilazimishwe wala asichekwe. Na aliyekwenda akarudi, aulizwe "Ilikuwaje?" kama tunavyomwuliza aliyetoka harusini, kisha tunyamaze tusikilize. Akijua kwamba habari za soda na za kukanyagwa vidole zinasikilizwa, siku ya habari nzito atajua pa kuzipeleka.

Maswali ya kujadiliana

1. Mama wa mfano wetu angeweza kumjibu binti yake nini wakati ule wa kuchambua mchele? Kina mama wajibu kwanza, kisha wasichana waseme kama jibu hilo lingewasaidia.

2. Katika Marko 6, ni nani angeweza kuzuia jambo lile lisitokee, naye hakuzuia? Katika mtaa wetu watu hao ni nani?

3. Wasichana: ni maneno gani yanayowafanya mwone kwamba mtaachwa na rafiki? Mmewahi nyinyi kuyasema kwa mwingine?

4. Wavulana: mtu akikukatalia mbele ya wenzako, unajisikiaje, na wenzako hukuambia nini?

5. Kina baba: Daudi alikasirika. Angefanya nini zaidi?

6. Je, tukikataza dansi kabisa, vijana wetu watakwenda wapi jioni ile?

Jambo la kufanya kabla ya mkutano ujao

Kila aliyesimama mdhamini wa msichana aliye sasa kati ya miaka 13 na 18 amtafute mwezi huu. Asiende na hotuba. Aende na nusu saa, akae naye, amwulize habari za shule na za rafiki zake, na kabla ya kuondoka amwambie maneno haya wazi: "Ukiwa na swali lolote, hata lile la haya, niulize mimi. Nitakujibu."